Kutu ya Gurudumu la Mbele Kulia

Mjomba,

Sasa hivi Nasra amebandika stika ya kipepeo kwenye dashibodi ya gari yako, pale pale inapowaka ile taa ya njano ya breki za ABS. Taa yenyewe imezimika tangu saa nne asubuhi, lakini kanieleza kwa Kiingereza chake cha puani kwamba ikiwaka tena mama hataiona, na mama asipoiona hatalia. Nimemwambia mama halii, mama amechoka tu. Kaniangalia kama ulivyokuwa ukiniangalia wewe nikikuambia nimeshakula.

Tumekaa ndani ya gari, uani kwenye gereji ya Papa Ngoy ulikokuwa ukifanya kazi, Bladensburg. Nangoja jibu lake kama atanipa kazi. Nimeona nikuandikie, maana leo nimefanya jambo kwa ajili ya jina lako na sijui kama ungelipenda.

Ni miezi saba tangu uondoke. Nasra analala kitandani kwako, kofia yako iko chini ya mto, ukiitoa anaipapasa usingizini. Mama kule Tanga bado akipiga simu anaanza, "Hamjambo, kaka hajambo?" halafu anakumbuka kwamba umeshazikwa, anageuza maneno aulize Nasra amekula nini. Mimi kazi yangu bado ni kumwogesha yule bibi mzee wa Springfield. Basi, treni, basi, kwenda. Basi, treni, basi, kurudi Silver Spring. Bibi mwenyewe ni mwema, lakini mgongo wangu, Mjomba. Nina miaka ishirini na nne na nikitaka kuinuka kitini nashika meza kwanza.

Ndiyo maana nilimwendea Papa Ngoy. Nilimwambia, nimemshikia Mjomba tochi miaka sita, nifundishe kilichobaki. Unamjua yule Mkongo wako, hachekicheki na mtu. Akasema, "Mama Nasra, hapa hatuandike mutu kazi juu ya huruma. Lete ile gari ya Rajabu. Tafuta ugonjwa yake weye peke. Ukiuona, tutaongea." Nafasi ni moja tu. Nikiipata, shule ya Nasra iko karibu, na nitafanya kazi ambayo mikono yangu inaijua.

Ugonjwa ulianza baada yako. Nikikaribia kusimama, pedali inatetemeka chini ya mguu, grrr, kama mtu anasaga karanga, na gari inasogea mbele hatua mbili tatu wakati lami ni kavu kabisa. Siku moja ilisimama imeshaingia nusu kwenye kivuko cha watoto wa shule. Hakuna aliyeguswa. Lakini nilishuka nikakaa chini kando ya barabara. Toka siku hiyo nikarudi kwenye mabasi.

Kila mtu ana dawa yake. Jirani akasema ng'oa fyuzi ya ABS, endesha hivyo hivyo, breki za kawaida zipo. Otieno, yule fundi Mkenya wa hapa, akasema pampu nzima ya breki imekufa. "Madam, hiyo ndai, gari yote hiyo, peleka makumbusho, wataiweka karibu na mifupa ya dinosaria." Wakacheka, nami nikacheka. Lakini nilikuwa nakusikia wewe: usibadilishe kitu hujakipima.

Basi leo Papa Ngoy kaniazima skana, kile kifaa cha kusoma kompyuta ya gari. Unajua kusoma sensa zote nne, zile zinazopima mwendo wa kila gurudumu, gari ikitembea ni kazi ya watu wawili, mmoja anaendesha, mwingine anasoma. Mwenzangu ulikuwa wewe. Leo nimemkalisha Nasra kiti cha nyuma, mkanda kafunga, skana mapajani. Nikamwambia, soma namba nne kutoka juu kwenda chini, usiruke hata moja. Tukazunguka kile kiwanja kitupu nyuma ya gereji, pole pole, nikaanza kushika breki.

"Teni, teni, teni, teni."

"Eiti, eiti, eiti, eiti."

"Faivu, ziro, faivu, faivu. Mami, ziro!"

Hapo hapo pedali ikatetemeka. Magurudumu matatu yanatembea, moja linajidai limesimama. Kompyuta ikadhani limejifunga, linateleza, ikaliachia breki. Na ile namba ya pili kutoka juu ni mbele kulia.

Nikapiga jeki. Nikapima sensa kwa mita ya umeme, nikailinganisha na ya kushoto, ziko sawa. Nikautikisa waya wake kote ulikopita, mzima. Nikachungulia ile ringi ya meno inayozunguka na gurudumu mbele ya sensa, nikiizungusha jino kwa jino, hakuna lililovunjika. Nikabaki na kitu kimoja, nafasi kati ya sensa na meno. Sensa ilikataa kutoka, nikaibembeleza kwa mafuta ya kulegeza kutu, nikaingoja. Ilipotoka, Mjomba, chini yake kulikuwa na kutu tabaka juu ya tabaka. Ile chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa theluji. Kutu imevimba, imeinyanyua sensa, kama mfuniko wa sufuria uliokalia mwiko. Gari ikienda kasi, sensa inayasikia meno. Ikienda pole haisikii kitu.

Otieno akaacha kucheka. Akasema, "Aki, kumbe!" Nilijiona mrefu kidogo.

Halafu Papa Ngoy akainama, akakwaruza ile kutu kwa ukucha, akaitazama boliti. Boliti ni mpya. "Hii sensa mutu aliitosha inje, akairudisha juu ya uchafu. Si zamani. Alikuwa na mbio ya nini? Nani alifanya hii kazi?"

Nilijua ni nani.

Ilikuwa baridi ile ya mwisho, kwenye maegesho ya jengo letu. Ulibadilisha beringi ya gurudumu lile lile. Wewe uliyenifundisha kupasugua mahali inapokaa sensa kwa brashi ya waya mpaka pang'ae, ndipo uirudishe. Siku ile ulikuwa unakaza nati mbili unapumzika, umeegemea mlango. Nikakuuliza, ukasema ni baridi tu. Nikaiweka tochi, nikapanda juu kwa Nasra. Kisha nikaanza kukuita kutoka dirishani, mara moja, mara mbili, mara ya tatu kwa ukali, Mungu anisamehe: "Mjomba, mtoto ana homa, acha hilo gari twende hospitali!" Ukarudisha kila kitu haraka haraka, ukatupeleka. Tulikaa pale masaa, wewe umemshika Nasra kifuani, unakohoa pembeni ili usimwamshe.

Nasra alikuwa anaumwa masikio tu. Mgonjwa ulikuwa wewe. Tulikuwa ndani ya hospitali, Mjomba, na sikuwaambia wakutazame na wewe.

Basi nikawatazama wale wanaume. Uani hapa mpaka leo wanasema kazi ya Rajabu hairudi kutengenezwa tena. Na kwetu marehemu hasemwi kwa baya. Mdomo wangu ukajibu wenyewe: "Mimi. Ni mimi niliyeirudisha."

Papa Ngoy akaniangalia sana. "Rajabu alikuacha ufanye hivi?"

Nikasema alikuwa anaumwa.

"Maliza," akasema, akaingia ofisini.

Nikasugua mpaka chuma kikang'aa, nikapaka grisi kidogo, nikairudisha sensa. Tukazunguka tena. "Faivu, faivu, faivu, faivu. Thrii, thrii, thrii, thrii." Gari ikasimama kimya, mguu haukusikia kitu. Nasra akapiga makofi. Mimi nikazima injini nikakaa, furaha sikuiona.

Uliwahi kuniambia fundi kukosea ni kawaida, lakini anayeficha kosa la breki atakuja kuua mtu. Leo nimeficha. Mwanzo nilidhani nakustiri. Sasa nimekaa hapa nafikiri, nimekustiri nini? Nimewafichia wenzako kwamba uliacha kazi nusu kwa sababu mtoto anaumwa, na kwamba uliendesha huku pumzi huna. Hilo si baya la marehemu. Mimi mwenyewe ningetaka nisemwe hivyo. Na nusu ya kosa ni yangu, maana anayeshika tochi naye ana macho, na mimi tochi niliiacha.

Basi akitoka nitamwambia yote, na Otieno asikie. Akisema hataki mtu anayedanganya juu ya breki, atakuwa na haki. Jumatatu nitapanda basi langu la Springfield, mgongo utanisamehe. Lakini Mjomba, moyo unaniambia atanipa nafasi. Sijui kwa nini. Ugonjwa nimeuona peke yangu, hilo hata yeye hawezi kulikana.

Nakuahidi hivi. Mtoto wa mtu akiumwa nitaiacha kazi kama ulivyoiacha wewe, lakini kesho yake nitairudia na kuifungua upya. Na mtu mzima akiniambia ni baridi tu, sitamsadiki tena, nitamshika mkono mpaka kwa daktari. Nisamehe kwa lile dirisha. Pumzika, Mjomba wangu, Mungu akuangazie huko uliko. Kwaheri. Nasra naye anakupungia mkono, anatazama juu kwenye paa la gari, sijui nani kamwambia uko huko juu.

Papa Ngoy katokea mlangoni. "Mama Nasra! Kuya hapa. Kuko gari ingine, taa yake inawaka, Otieno ameshindwa." Ana ovaroli mkononi, si ya saizi yake. Naenda, Mjomba, na kabla sijaipokea namwambia kwanza kwamba siku ile mtoto alikuwa na homa, na aliyeirudisha sensa haraka ni wewe, mimi nikikuita dirishani.