Nukta za Ramli Katika Kitabu cha Mzee

Jeddah, Jumapili

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti lako laendeleaje? Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa, na leo sitakuficha.

Usishangae kuona nimeandika Jeddah. Ile nyumba ya Al-Naseem kule Riyadh nimetolewa.

Wamkumbuka bosi, yule mzee wa vitabu vya kale niliyekusimulia. Kimoja kiliandikwa kwa mkono, kwa herufi za Kiyahudi. Babake alikinunua Yemen. Ndani ni vitabu vitatu vilivyoshonwa pamoja: cha kwanza mawaidha ya tabia, cha pili mambo ya akili na roho, cha tatu mzee mwenyewe hakukielewa. Siku moja napangusa vumbi, nikaona nukta. Mama, zilikuwa zile zile alizokuwa akizichora marehemu baba kwenye sinia la mchanga. Mdomo ukaniponza. Nikamwambia, "Bosi, hii ni ramli. Nukta nne, moja moja, hii ni Tariki. Ni safari."

Alifurahi mpaka akanikaribisha chai. Tangu hapo kila alasiri, mkewe, madam, akilala, mimi namsomea nukta, yeye ananifasiria mawaidha. Akaniambia humo mmeandikwa kuwa anayenyamaza mwenzake akisingiziwa, naye amemsingizia. Nikamwona mtu wa maana.

Wiki iliyopita madam akatukuta. Akaja juu: uchawi ndani ya nyumba yake? Akamuuliza mumewe kitabu ni cha nani. Mimi nimetulia, najua atasema. Mzee akatazama zulia. Akasema, "Sikijui. Labda amekuja nacho."

Mimi niliyekuja na kanga mbili na mswaki.

Kitabu kikaenda kuchomwa. Mimi nikaletwa huku kwa dada yake madam, ikama, kibali changu cha kuishi huku, wameishika wao, na nikifungua mdomo nitashtakiwa uchawi. Huku kesi hiyo yaweza kunitoa roho, Mama.

Nilipokuwa nafunga mzigo mzee alikuja mlangoni, ananong'ona. Nikadhani anataka radhi. Kumbe ataka nimpigie ramli, ajue kama madam atavigundua na vile vitabu vingine. Nikamjibu kwa Kiarabu chetu cha jikoni, "Ramli mafi, bosi. Halas." Yaani ramli hakuna tena, imekwisha.

Nisalimie shangazi aliyenishonea buibui, na kaka, mwambie asipige simu huku kwa hasira. Sinia la baba usimpe mtu. Na akija yeyote kukuuliza kama mwanao azijua nukta zile, mwambie naam, azijua, babake ndiye aliyemfunza. Nimeshakanwa mara moja. Wewe usinikane.

Mwanao,
Mwanaidi