Wa Kwanza Kwenye Mstari

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nimechora tena zile nyayo za watu wa kale za Laetoli. Nyayo hazinipi shida — majivu, kisigino, kidole gumba, basi. Zinazonikondesha ni nyuso.

Kitabu kinataka picha za rangi, ukurasa mzima mzima, ili mtu wa kawaida asome na kuona binadamu alitoka wapi. Mwandishi ni Dokta Ainebyona, mzaliwa wa Chonyonyo hapo jirani, sasa anafundisha Dar. Aliona bango nililochora hapa Kihanga kwa ajili ya kikundi cha kahawa, akasema mkono wangu una uhai. Waitu! Mimi mchora mabango ya saluni, leo nachora mababu wa dunia nzima. Picha zote ziwe zimefika mwisho wa mwezi.

Siwezi kukaa kitako. Nikimaliza jicho moja nainuka, naenda kwenye migomba, nakata jani kavu, narudi, nakuta lile jicho linanikodolea. Nafuta. Marehemu mama angeniuliza kama nina siafu kwenye sketi.

Baba kapita dirishani, kachungulia. Huyo mwenye manyoya ni nani? Nikamwambia ni ndugu yetu wa mbali, wa mbali sana. Nilidhani mzee wa kanisa atanifungulia Mwanzo sura ya kwanza. Wapi! Kacheka mpaka kakohoa. Kasema muziro, mnyama wa mwiko wa ukoo wetu, ni nkende, hatumuui tumbili wala hatumli hata akimaliza shamba la mahindi, kwa hiyo kwake hizo si habari mpya. Eti wasomi ndio wamechelewa kufika.

Jumatano, 11 Juni

Mstari umekamilika! Ule mstari ambao kila mtu anaujua — wa kwanza kainama, anayefuata kainuka kidogo, mpaka wa mwisho anatembea wima. Nimeubandika ukutani ukauke. Nimekuwa nikizunguka mbele yake kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Mimi siwezi kuchora uso wa hewani. Lazima niwe na mtu. Wa mwisho ni mdogo wangu Gideon, kidevu juu, kifua nje, kama anapigwa picha ya kitambulisho. Wa kwanza nimemtoa kwa Mzee Polikarpi wa Kimuli, baba yake Umutesi, mchumba wa Gideon. Uso ule! Mifupa, nyusi zilizotokeza, macho yaliyozama ndani. Sijawahi kupata uso kama ule.

Nilimchora mwezi uliopita tulipokwenda kuwasalimia. Nilimwomba akae kidogo tu pale nje. Akaingia ndani, akakaa huko, tukajua kakataa. Kumbe! Akatoka na koti lake la kanisani, lile la kahawia, kafunga vifungo vyote na jua lote lile. Nichore vizuri, mwanangu, akasema, wajukuu waje waone. Akauliza ni kitabu gani. Nikamjibu ni kitabu cha historia ya binadamu. Sikudanganya. Si ndiyo hiyo?

Dokta alishaniambia hataki mstari. Nimemtumia hivyo hivyo. Watu wanautaka.

Gideon kaja, kajiona mwishoni, kafurahi kama mtoto aliyenunuliwa viatu. Kapiga picha kwa simu. Tarehe 28 tunakwenda Kimuli kuposa rasmi, na yeye hatulii. Nyumba hii sasa ina watu wawili wasiotulia, baba anatuambia tujifunge vibwebwe tukalime.

Ijumaa, 13 Juni

Balaa! Balaa, balaa.

Gideon kaiweka picha kwenye stetasi yake. Kaandika: kazi ya dada yangu, wa mwisho ni mimi.

Umutesi kanipigia mimi, si yeye. Siku zote huniita wifi, hata kabla ya posa, tunacheka. Leo kaniita Mackrine. Kaniuliza kuhusu sikio. Sikio gani? La kushoto, kasema, nenda kaangalie.

Nimekwenda ukutani na simu sikioni. Yule wa kwanza, manyoya mpaka shingoni, mgongo umepinda — sikio la kushoto halina ncha. Mzee Polikarpi aling'atwa na mbwa akiwa mtoto. Nililichora bila kujua ninalichora. Macho yalikuwa yamelala, mkono uko macho.

Kimuli wote wamemtambua. Jana alipoingia penye rubisi kuna mjinga mmoja alimpokea kwa mlio wa nyani, na wengine wakacheka mpaka wakamwaga pombe. Mzee aliweka kibuyu chini, akaenda nyumbani. Ndivyo alivyojua. Umutesi hakulia wala hakunipigia kelele. Kaniuliza tu: "Baba alikaa mbele yako na koti. Koti liko wapi?" Kisha kakata.

Koti nililivua mimi. Kwa penseli. Nilimvua mzee wa watu koti lake la kanisani nikamvisha manyoya, na nilipomaliza nikajipongeza kwa chai.

Jumamosi, 14 Juni

Gideon kafuta picha. Maji yakishamwagika hayazoleki. Kala ugali wake amenipa mgongo.

Jumapili, 15 Juni

Kanisani sikusikia hata neno moja. Baba kanifinya ili nisimame wakati wa wimbo.

Tumerudi, Gideon kanirushia simu mapajani. Soma. Ni ujumbe wa Umutesi. Baba yake kasema tarehe 28 tusije.

Na si kwa sababu ya nyani! Hilo la nyani angelicheka hata yeye, ni mtu wa utani yule. Ni mstari. Mwaka ule wa operesheni, walipokuja watu wa serikali na magari kutafuta wasio raia, walipanga watu mstari uwanjani, wakawa wanapita wanaangalia pua, paji la uso, wewe huku, wewe kule. Baba yake Mzee Polikarpi alitoka Rwanda kuja kuchuma kahawa, ndiyo, lakini yeye mwenyewe kazaliwa hapa hapa, kabatizwa hapa hapa. Alikuwa wa kwanza kutolewa. Alilala kwenye nyasi mpaka padre akaja kumsemea. Sasa kaona mstari mwingine, yeye wa kwanza tena, na anayeumaliza kifua nje ni kijana wa Kinyambo, mwenyeji wa hapa, anayemtaka binti yake.

Mwisho Umutesi kaandika maneno ya baba yake kama yalivyo: Mwambieni huyo mchoraji, amejua mahali pa kuniweka.

Nimesoma, nimerudisha simu, nimekwenda kusimama kwenye migomba. Naona aibu mpaka kwenye nyayo za miguu. Sikumfikiria. Hiyo ndiyo kweli, na ni mbaya kuliko kama ningemfikiria vibaya. Niliona mifupa tu.

Jumatatu, 16 Juni

Dokta kapiga. Mstari kaukataa. Kasema binadamu hakupanda ngazi, hakuna aliyekuwa chini akimsubiri mwenzake afike juu. Walikuwepo wa aina nyingi, wengine wakati mmoja, wakionana, wakizaa pamoja hata, na wengi wao wakaisha. Yule wa kwanza wangu hakuwa mtu aliyeshindwa kuwa Gideon. Alikuwa kamili kwa maisha yake.

Nikamfokea! Nikamwambia angesema hivyo mapema. Kasema alisema. Kweli alisema.

Nimepunguza machipukizi jioni, kwa hasira, panga linaruka. Nikasimama katikati. Shina moja la mgomba — mgomba mama, visiki vya iliyokwisha kukatwa, vichipukizi vya kila upande, kingine kimeoza, kingine kinasukuma jani jipya. Nani hapa wa kwanza? Nani wa mwisho? Nikatupa panga, nikakimbilia mezani na udongo mikononi.

Nimechora shina. Limetoka vizuri, lazima niseme. Kitabu kimepona. Mzee hajapona.

Alhamisi, 19 Juni

Nimeukata mstari kwa mkasi. Watu wamelala mezani mmoja mmoja. Huyu wa kwanza nimeshindwa kumtupa, nimeshindwa kumchoma.

Nimejaribu kumchora mzee upya na koti lake, niwapelekee kama zawadi. Nimechana. Nikimvalisha koti sasa inakuwa rushwa.

Gideon anatembea uani kwenda na kurudi. Hajamtukana mtu, hajanitukana mimi, anatembea tu. Leo alifika mpaka mlangoni kwangu. Kaniuliza kama sikuwa na uso mwingine duniani. Anampenda yule binti, kakonda kwa siku hizi chache, na mimi ndiye niliyemfungia mlango.

Jumamosi, 21 Juni

Baba kapanda pikipiki kwenda Kimuli peke yake, na magoti yale! Hakumwambia mtu. Tumejua alipokuwa amekwishafika.

Karudi na vumbi mpaka kwenye kope. Tumemzunguka kama vifaranga. Kanywa maji kwanza. Kaomba mengine. Gideon alikaribia kulia.

Kasema tutakwenda tarehe 28. Mzee Polikarpi kakubali tufike, hakukubali zaidi ya hapo. Punje ya kahawa ya wageni ataishika, lakini kama ataitafuna, maana kutafuna ndiko kukubali posa, ni siku yenyewe itasema. Na huyo mchoraji aje na penseli zake.

Penseli za nini? Baba kasema hakuuliza. Muongo! Uso wake ninaujua, nimeuangalia maisha yangu yote. Kuna neno kalimeza.

Ijumaa, 27 Juni

Ndizi zimefungwa, rubisi iko tayari, gauni nimelipiga pasi, nikalipiga tena. Picha zote zimetumwa isipokuwa moja — yule wa kwanza, sehemu yake kwenye shina iko wazi. Dokta kauliza. Nimemjibu anisubiri mpaka nitoke Kimuli.

Jumamosi, 28 Juni

Niko Kimuli. Naandika nimesimama, chumbani kwa Umutesi, daftari juu ya sanduku lake. Haraka haraka.

Tulipokelewa vizuri, hilo ndilo lililonitisha. Shikamoo, marahaba, za Kihanga, viti. Mama Dafroza, mama yake Umutesi, kapitisha kikapu cha kahawa. Baba katafuna, Gideon katafuna, mimi yangu nimeimeza nzima. Mzee Polikarpi kachukua punje yake, kaifumba mkononi. Ngumi kaiweka juu ya goti. Koti lake la kahawia liko kwenye mgongo wa kiti, hakulivaa, na asubuhi hii ina baridi. Mpaka atafune, Gideon hana mke.

Kaniita. Nimepiga magoti, nimemwomba msamaha kwa maneno mafupi, yale marefu yalinikimbia yote. Nimempa ile picha niliyoikata. Kaiangalia. Kaiangalia sana. Kapapasa lile sikio kwenye karatasi, kisha lake.

"Sikio umelipata," kasema.

Kaniuliza kama kitabu bado kinamhitaji huyu. Nikaeleza, mstari hakuna tena, sasa ni shina la mgomba, wote wametoka chini pamoja. Kanisikiliza mpaka mwisho. Kisha kasema shina ni zuri, yeye ni mkulima, shina analielewa. Lakini kwenye shina hilo bado kuna mwenye manyoya? Yupo, nikasema. Ana uso? Bado hana.

"Basi mchore wa kwenu."

Nikageuka nimtafute Gideon. Kumbe baba kasimama tayari! Hakungoja kuambiwa. Hilo ndilo neno alilolimeza wiki nzima. Kavua koti. Kavua tai, ile aliyopewa na usharika. Kafungua shati, kifungo kimoja kimoja, mbele ya wakwe, mbele ya majirani waliojaa uani na wengine wanaochungulia kwenye migomba. Mzee wa kanisa! Kifua chenye mvi, mbavu zinahesabika, kovu la upasuaji. Mama Dafroza kasema Yesu na Maria. Gideon kaficha uso. Baba kavuta kigoda katikati ya uwanja, kakaa.

Mzee Polikarpi kashtuka, nimemwona. Hakutegemea. Alisema mchore, hakusema avue.

"Chora, Mackrine," baba kasema. "Na masikio yangu yako mawili, usije ukasahau."

Hakuna aliyecheka. Ila mdomo wa Mzee Polikarpi ulicheza upande mmoja, au nilitaka ucheze.

Nimesema penseli butu, nakwenda kuchonga. Nimekimbilia huku. Namjua vizuri mno, ndiyo shida. Nitampindaje mgongo? Nitamwekaje manyoya kwenye mabega yaliyonibeba kwenda zahanati? Yule mwingine nilimpinda bila kufikiri, nikanywa chai.

Umutesi kasukuma mlango. Wifi, wanakungoja.

Kasema wifi! Au ni ulimi tu umezoea?

Dirishani namwona Mzee Polikarpi, ngumi bado imeifumba ile kahawa. Baba kakaa wima, anatetemeka kwa baridi, anatazama mbele. Penseli imechongoka zamani. Bado nachonga.