Papa, Ule Mpando Niliumaliza

Papa,

Ni mimi, Faida. Jumapili ijayo ndiyo marathon, nami sijafuta jina langu. Tante zangu, dada zako, wamekasirika. Wanasema binti ambaye bado anavaa nyeusi hawezi kuonekana barabarani akirukaruka kama mbuzi. Wewe ungewajibu vizuri kuliko mimi.

Unakumbuka ilivyoanza? Daktari alisema tension ya damu yangu imepanda, nitembee kidogo jioni. Nikarudi nyumbani nikatangaza kwamba nitakimbia marathon. Miaka arobaini na moja, katibu wa ofisi, mwili umezoea kiti! Ulicheka mpaka ukakohoa. "Marathon? Weye unachokaka ku ngazi ya kanisa!" Lakini kesho yake alfajiri ulinigongea dirisha, filimbi yako ya ualimu shingoni, kana kwamba hujawahi kustaafu.

Tulianza na nguzo za umeme. Nikimbie nguzo moja, nitembee mbili. Nawe nyuma yangu, kwa mwendo wako wa kizee, ukiimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya kuamsha mbwa wote wa Kadutu. Nisamehe, Papa, niliona haya. Watu walikuwa wakipaza sauti, "Prof, unapeleka binti wapi?" nami nikatamani ardhi inimeze.

Mpando wa kwetu, kile kilima cha kurudi nyumbani, ulinishinda miezi mitatu. Kila siku nilikwama katikati, mikono magotini. Hukunisukuma hata mara moja. Ulisema tu, "Kesho," tukageuka.

Halafu ile asubuhi. Uliketi ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja tu mguuni, ukasema, "Enda, miye nitakuya nyuma." Nikaona nafuu. Hilo ndilo limeniuma miezi yote hii: nilifurahi kwenda bila wewe. Nikaupanda mpando wote bila kusimama, Papa. Wote! Nikafika juu, pale akina mama wanapouza vile visamaki vya sambaza, chini kidogo ya nyumba yetu. Badala ya kuingia nikuambie, nikaongeza mzunguko mmoja mpaka kando ya ziwa, kwa furaha tu. Niliporudi majirani walikuwa wamejaa mlangoni na Maman ameshika kichwa. Moyo, walisema. Ningegeuka pale juu ningekukuta.

Tulikuzika Mudaka, karibu na mama yako. Mvua ilinyesha, watu wakaimba vizuri. Sikulia. Viatu nilivisukuma chini ya kitanda, na kila nilipofagia niliviruka.

Wiki iliyopita nilivivaa. Sikia sasa nilichofanya. Nilipanda mpando kimya kimya, fulana nyeusi, kitambaa cheusi kichwani, jua halijatoka. Mama mmoja aliyekuwa anapanga sambaza zake akaniona. Akanyakua beseni, akatimua mbio. Wenzake nao wakamfuata. Unaujua mji wetu, mtu hukimbia kwanza ndipo aulize. Mimi kuwaona wanakimbia nikajua kuna jambo baya nyuma yangu, nikaongeza mwendo. Wao kuona naongeza, wakaongeza. Tulikuja kusimama kwenye ukuta wa shule, sote tunahema, sambaza zimemwagika njia nzima.

"Iko nini kule?" wakaniuliza.

"Miye nilikuwa nafuata ninyi!"

Mkubwa wao, Maman Nsimire, hakucheka. "Unakimbia na nguo ya kilio, bila kuimba? Tutajua aje kama iko mazoezi?" Ndipo nikaelewa zile nyimbo zako, na haya yangu ikanirudia mara mbili.

Nikainama kumsaidia kuokota. Akanitazama usoni vizuri. "Si ni weye mutoto ya Prof?" Kisha akanieleza jambo ambalo hata Maman hakulijua, kwa sababu alikuwa jikoni nyuma ya nyumba.

Ulishuka, Papa. Ile asubuhi ulishuka ngazi zetu taratibu, kamba za viatu hazijafungwa, ukamuuliza kama nimepita. Akakujibu kwamba nimepita sasa hivi, na sikusimama popote. Akakuonyesha mgongo wangu ukiteremka kuelekea ziwani. Akataka kuniita. Ukamkataza.

"Muache aende," ulisema.

Anasema ulisimama pale ukinitazama mpaka nikapotea kwenye kona, unatabasamu peke yako. Halafu ukapanda kurudi nyumbani.

Niliketi palepale chini, katikati ya sambaza, nikalia kile kilio nilichoshindwa kulia Mudaka. Wale mama walinizunguka na hakuna aliyeninyamazisha.

Sasa nakuacha upumzike. Kilomita ni arobaini na mbili na miguu yangu unaijua; ikikataa kukimbia nitatembea. Maman anakusalimia. Hatoki sana siku hizi, anakaa karibu na dirisha. Nakuahidi hivi, Papa: nikimaliza sitabaki kupiga picha wala kupongezwa na mtu yeyote. Nitakuja nyumbani moja kwa moja, na jasho langu, nimwambie Maman mimi mwenyewe, maadamu bado yupo wa kuambiwa.

Binti yako,
Faida