Tikiti Imefika Bei ya Mbuzi

Jumatatu, tarehe 3

Natumai wewe kitabu hujambo. Sisi hapa hatujambo. Baba Chela hajambo, yuko kwa ng'ombe anakamua na kuimba vibaya. Kogo, mama yake, hajambo isipokuwa magoti, na anasema hayo yameletwa na mvua. Ng'ombe wawili hawajambo. Mbuzi wangu hajambo, amekula kamba yake tena. Chela wetu yuko Nairobi na naomba Mungu awe hajambo, maana jana nilimpigia mara tano hakushika simu. Mimi mwenyewe nina presha.

Najua kitabu cha siri hakisalimiwi. Lakini shule niliachia darasa la sita, na kitu cha kuandika tulichofunzwa ni barua. Muuguzi wa kliniki alisema niandike mambo yanayonisumbua yatoke kichwani. Basi yatoke.

Chela ni golikipa wa timu ya taifa ya wanawake. Mtoto wangu huyu. Yule aliyekuwa anadaka vikombe kabla vifike chini. Mashindano yako hapa hapa Kenya, Jumamosi ni robo fainali, na mimi sijawahi kumwona akicheza na jezi hata siku moja. Nilimwona tu akirushiwa mpira wa makaratasi huku nyuma ya majani chai. Nataka kumwona. Hilo tu.

Nimeenda Litein kwa duka la Mama Njeri, rafiki yangu, yeye ndiye anajua mambo ya simu. Ameniambia mechi iliyopita tikiti ilikuwa bei ya trei ya mayai. Hii ya Jumamosi ni bei ya kuku wa kienyeji. Nikauliza kwa nini imepanda. Akasema ni kwa sababu wanashinda.

Mimi nilifikiri mama wa mchezaji anapita tu. Kwa shule ya Chela nilikuwa nafika getini naambiwa karibu mama, keti mbele. Mama Njeri amecheka mpaka akashika kaunta.

Jumatano, tarehe 5

Leo nimeharibu. Mimi, si mtu mwingine.

Tikiti zinauzwa kwa simu, kuanzia saa tatu asubuhi. Mama Njeri alipitia hapa akanifungulia mahali penyewe, akaniandikia kila kitu, akakimbia kufungua duka. Simu ikasema niko kwa laini. Watu elfu nne mbele yangu. Ikasema ningoje zamu.

Sasa laini mimi naijua. Kwa kituo cha chai ukifika mapema unaweka kikapu chako nyuma ya kikapu cha mwenzako, halafu unaenda zako. Unapika, unafua, unarudi. Karani akianza kupima, watu wanasukuma vikapu vyao na chako pia wanakisukuma. Hakuna mtu anaruka kikapu cha mwingine. Hata wale wezi tunaowajua kwa majina, hiyo hawafanyi. Miaka ishirini sijaona.

Basi nikaweka simu juu ya kabati, nikaiegemeza kwa Biblia isimame vizuri, nikamwambia Kogo aiangalie, nikaenda kuchuma. Nilichuma nikiwa na furaha. Nikawa nawaza nitavaa nguo gani.

Nimerudi saa saba. Simu imezima uso. Kuiamsha, inasema zamu yangu ilifika na nilipewa dakika kumi. Dakika kumi! Hata chai haichemki vizuri. Na tikiti zimeisha.

Kogo anasema aliiangalia simu vizuri sana na haikuondoka pale hata kidogo. Ni kweli. Haikuondoka.

Nimelia kidogo nyuma ya tangi la maji.

Jumamosi, tarehe 8

Tumesikiliza kwa redio. Wameshinda mbili kwa nunge. Baba Chela ameruka akamwaga uji.

Kitu kimoja kimenikera. Mtangazaji hakutaja Chela hata mara moja. Alikuwa anataja golikipa mwingine kila saa, ati amepangua, ati amedaka, nikajua ni wa upande ule. Baba Chela akasema golikipa mzuri hatajwi, ukisikia jina lake ujue amefungwa. Hiyo imenituliza.

Nusu fainali ni Jumanne. Tikiti sasa ni kuku na jogoo. Na zimeisha jioni hii hii kabla Mama Njeri afunge duka. Watu wanatoa wapi jogoo wote hawa?

Jumapili, tarehe 9

Nimefanya dhambi kanisani.

Mchungaji aliuliza nani ana ombi. Nikasimama nikasema ni timu ya Chela. Kanisa zima likainua mikono, wazee kwa watoto, wakaomba ushindi, wengine wakalia. Na mimi, mama mzazi, nimefunga macho katikati yao nikaomba wasishinde sana. Si washindwe, hapana. Watoke sare. Bei itulie kidogo, tikiti ipumue, na mimi nipate nafasi.

Tulipotoka nikamuuliza Baba Chela kama sare inawezekana. Akasema kwa nusu fainali hakuna sare, lazima mmoja aende nyumbani, wanapigiana penalti. Kumbe nilikuwa naomba Chela arudi nyumbani.

Nimeomba tena nikiwa kwa majani, kufuta lile la kwanza. Halafu tena nikiwa jikoni, kama halikufutika. Sijui Mungu ameshika lipi.

Jumanne, tarehe 11

Wamefika mpaka penalti. Ni mimi niliwaletea hizo penalti, najua.

Wameshinda. Baba Chela ametoka mbio mpaka barabarani bila shati, mwanaume mzima mwenye wajukuu wa ndugu. Kogo anauliza ni nani amekufa. Nilipiga kelele mpaka sauti ikaisha. Halafu nikakaa chini nikakumbuka bei.

Mama Njeri amekuja mwenyewe kwa miguu kunieleza. Hiyo ndiyo iliniogopesha. Mwanamke huyo haachi duka hata kukiwa na mazishi. Fainali ni Jumapili. Tikiti za bei ya chini zimepewa watu fulani kabla ya kuuzwa. Zitakazouzwa Ijumaa ni zile za kukaa kwa kiti chini ya paa. Tumeweka na nauli ya kwenda na kurudi. Ni mbuzi. Mbuzi mzima na pembe zake.

Huyu mbuzi nilipewa na kikundi chetu cha akina mama zamu yangu ilipofika. Ni wa kuuzwa tununue mabati ya jikoni. Kunavuja pale juu ya meko, tunapika na sufuria mbili, moja ya chakula na moja ya mvua.

Nimeenda kumtazama. Yeye pia amenitazama. Alikuwa anatafuna sweta yangu ya kanisa.

Jumatano, tarehe 12

Chela amepiga simu. Nilimwambia kwa furaha kwamba kesho naenda sokoni na mbuzi, aniandalie mahali pa kumwona baada ya mechi.

Akasema, "Mama, usiuze mbuzi."

"Kwa nini? Ni mbuzi wangu."

"Mama, mimi sichezi."

Nikafikiri ameumia. Nikaanza kumtafuta Yesu kwa sauti. Akasema hapana, hajaumia, yeye ni golikipa wa pili. Kuna wa kwanza, mkubwa, yule anayetajwa kwa redio. Chela anakaa benchi. Tangu mashindano yaanze hajaguswa na mpira wa mechi hata mmoja. Hakutuambia kwa sababu tulikuwa tumeshaambia kanisa zima. Sasa akalia. "Utatoka Litein mpaka Nairobi, uuze na mbuzi, uje kuniona nimekaa?"

Nikamwambia avae soksi.

Nikamweleza Baba Chela. Akasema, "Mbuzi mzima kuona mtu amekaa? Si arudi akae hapa nyumbani tumwone bure." Alisema kwa mzaha lakini uso wake ulikuwa umeanguka. Alikuwa amemwambia kila mtu wa kituo cha chai kwamba zile penalti alidaka Chela.

Nimekasirika na yeye nusu saa. Nimechuma majani kwa hasira, mpaka yale magumu ambayo karani atarudisha. Halafu nikakumbuka siku Chela anazaliwa. Uchungu siku mbili. Baba yake alikaa kwa benchi nje ya wodi siku hizo mbili, buti na matope, hakuitwa ndani, hakufanya lolote. Lakini nilikuwa najua yuko pale. Bila hiyo nisingeweza.

Mimi naenda.

Alhamisi, tarehe 13

Nimemuuza. Mnunuzi alisema amekonda. Nikaanza kumsifu yule mbuzi. Nikasema anazaa mapacha, hana kelele, anajua jina lake. Nikamsifu mpaka nikalia pale sokoni. Mnunuzi akaona aibu akaongeza kidogo, akaniomba niende.

Kogo akasema, "Umeuza paa ili ukaone benchi." Nikasema ndiyo, Kogo. Akasema basi benchi lenyewe liwe zuri.

Ijumaa, tarehe 14

Leo hakuna kuchuma. Nimekaa jikoni na simu mkononi kuanzia saa mbili unusu. Mama Njeri amefunga duka. Ameandika kwa mlango kwamba kuna dharura.

Watu elfu tisa mbele yangu. Sikuiweka chini. Nimeenda nayo choo. Kogo amenilisha ugali na mboga kwa mkono wake kama mtoto mchanga, na amefurahia sana, ananiambia fungua mdomo mkwe. Mama Njeri ananifokea, "Wewe mwanamke, usipumue juu ya kioo!" Baba Chela ameingia mara sita akisema anatafuta panga. Panga alikuwa amelishika.

Zamu ikafika saa sita kasorobo. Kidole kikabonyeza mahali pengine, ikatuuliza kama tunataka kutoka. Mama Njeri akapiga kelele, Kogo akapiga kelele pia bila kujua ni kwa nini. Tukarudi. Tukalipa. Ikaingia.

Tikiti moja. Kiti kina namba.

Baba Chela akauliza kama bado kuna nyingine. Halafu akasema anauliza tu. Akatoka. Baadaye nimemkuta nyuma ya zizi anapaka rangi viatu vyangu, na hapendi nimwone, kwa hiyo sikumwona.

Jumatatu, tarehe 17

Nimerudi. Nimechoka. Mvua ilianza nilipoingia mlangoni.

Uwanja ni mkubwa kuliko nilivyodhani. Kiti kilikuwa baridi. Sikutazama mpira kwanza, nilitafuta benchi. Wote wamevaa vizibao vya manjano, wote wamefunga nywele. Nilimjua kwa mgongo. Anakaa na viwiko juu ya magoti, kichwa mbele, kama baba yake akingoja lori la chai.

Alikaa dakika tisini. Nilimtazama dakika tisini.

Wakati wa mapumziko watu walienda kununua njugu. Yeye akaingia uwanjani na wenzake wa benchi, wakampigia mipira kwa goli tupu. Kumi na miwili. Alidaka kumi na mmoja. Nilipiga makofi peke yangu. Kijana wa karibu akaniuliza, "Mathe, unajua hii si mechi?" Nikamwambia kwangu ndiyo mechi.

Kipindi cha pili mtu alifunga. Upande wetu. Watu wote walisimama na mimi nikasimama, kwa sababu walinizuia kumwona. Yeye ndiye wa kwanza kuruka kutoka benchi. Alikimbia mpaka kwa yule golikipa mkubwa, akampa maji, akampangusa glavu kwa kitambaa, akamwambia kitu kwa sikio. Yule akacheka. Nilimpenda yule msichana wakati huo, na tangu Jumatano nilikuwa namchukia.

Kijana akaniuliza kama nimeona bao lile. Nikasema nimeona. Sikuona.

Ilibaki hivyo mpaka mwisho, moja kwa nunge. Walipovishwa medali naye alivishwa, sawa na ya wengine. Nilipunga leso mpaka bega likauma. Watu ni wengi, hakuniona. Getini walinzi walikataa tukaribie basi la timu, na nauli yangu ilikuwa ya gari la jioni.

Baba Chela amenikalisha nimhadithie lile bao. Analijua kuliko mimi, alisikia kwa redio. Nimemwacha anihadithie yeye, na mahali pengine naitikia.

Nimemwandikia Chela kwa simu. Imenichukua muda, herufi ni ndogo.

Nilikuona. Nilikuwa upande wa paa, nimevaa kitambaa cha bluu. Mkono wako wa kushoto unaumwa? Uliushika mara mbili. Umekula? Jibu upesi.