Hitilafu Namba 233: Tatizo ni Aila

Shangazi Rosalind mpendwa, nishike mkono maana nimejitia kitanzi mwenyewe, tena kwa kamba niliyoisokota mwenyewe. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na mbili hapa Thunder Bay, na kwa miaka kumi na mmoja mimi na jirani yangu Aila Pelkonen tumetunza programu huria ya kuazimishia vitabu, ambayo maktaba ndogo arobaini zinaitegemea bila kulipa chochote, na vuli hii nikajiona fundi nikatengeneza daftari la hitilafu la baruapepe, yaani ukiandika kwenye anwani yetu barua yako inapewa namba na dunia nzima inaisoma. Aila alinionya nisiweke kila jibu liende daftarini lenyewe, akasema kuna mtu ataumbuka, nikamwambia hakuna mjinga wa kiasi hicho, kumbe mjinga alikuwa anavaa viatu vyangu.

Basi Aila akanirudishia kazi yangu ya toleo jipya mara ya tatu kwa ajili ya nafasi kati ya mistari, nikafura, na siku hiyo hiyo bwana mmoja wa Kenora akauliza toleo jipya limekwamia wapi, nikabonyeza kujibu nikidhani naongea naye faraghani, na kichwa cha barua nikaandika "Tatizo ni Aila", nikamwaga yote, hata kwamba tungeenda mbio bila yeye. Daftari likajibu kwa adabu kubwa kwamba hitilafu yangu imepewa namba 233 na watunzaji wamejulishwa. Watunzaji ni wawili, Shangazi, mimi na yeye.

Mtumiaji mmoja wa Oregon akauliza hitilafu hiyo iko kwenye toleo lipi. Mkutubi mmoja akaandika kwamba amejaribu akashindwa kuiona, kwani yeye Aila humjibu siku hiyo hiyo. Nikapaparika nikaifunga, na daftari likawatangazia wote: "Hitilafu 233, Tatizo ni Aila, imetatuliwa." Aila akaandika mstari mmoja tu: "Kama nimetatuliwa, funguo za seva utazipata Ijumaa." Tangu hapo mashine yake ya kuondolea theluji, iliyokuwa ikinisafishia njia na mimi, inaishia mpakani mwa viwanja vyetu, mstari umenyooka kama wa rula. Je, kuna njia ya kuifuta barua ile kwa watu wote?
Gordon Tisdale

Gordon mwanangu, nimecheka mpaka miwani ikadondoka, kisha nikaisoma tena nikaacha kucheka. Kompyuta naijua kwa kuandikia safu hii tu, lakini binadamu nawajua kidogo. Barua nzima unaniuliza namna ya kufuta maneno, hujaniuliza hata mara moja mwenzio anajisikiaje. Hujanitajia popote kwamba umemwomba radhi. Aibu yako umeipimia nafasi kubwa, maumivu yake umeyapa mstari mmoja, tena ameuandika yeye.

Haifutiki, achana nayo. Leo vaa koti, vuka mpaka huo kwa miguu, kompyuta iache nyumbani. Mwambie: "Niliandika, na siku ile nilimaanisha, na nilikosea." Usithubutu kusema "kama nilikuudhi". Akikufungia mlango, rudi kesho. Ukitoka hapo ifungue upya hiyo 233 mbele ya wote, andika kwamba kosa ni lako, utie na jina lako, na uiache wazi. Kuifunga si kazi yako. Ataifunga Aila akitaka, na asipotaka itakaa.

Na Ijumaa akikupa funguo hata baada ya hayo yote, zipokee kwa mikono miwili, umshukuru kwa miaka kumi na mmoja, usimbembeleze kwa kumtajia maktaba. Kisha rudi nyumbani ukae, uzijibu zile barua za wakutubi siku hiyo hiyo, moja moja, kama alivyokuwa akizijibu yeye wakati wewe ukidhani anakuchelewesha.