Kadi Iliyolala kwenye Mkoba wa Nepi

Nyumba ya kona,
Nyuma ya duka la dawa.
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa wifi yangu,

Kwanza niombe radhi kwa kukaa kimya. Simu uliyotutumia ilifika mwanangu Kibogoyo hajajua kukaa, na sasa anakaa, anaanguka, anainuka na kuanguka tena, ndipo naandika. Si kiburi, wala sikukusahau. Kila nikishika kalamu mtoto naye anaishika, na kati yetu wawili mwenye nguvu ni yeye. Leo kaka yako kamchukua kumtembeza, nami nimekaa jikoni, miguu juu ya ndoo iliyopinduliwa. Ukiona mwandiko unateremka mstari, ujue nimesinzia.

Habari za huko? Mgongo wako umepoa, au bado unatembea kama anayetafuta sindano chini? Shemeji naye na kikohozi chake, wameachana? Sisi huku wazima. Kaka yako yuko kwenye tanuri lake la mikate kama kawaida, anatoka tukiwa tumelala. Mama hajambo. Magoti yanalalamika asubuhi, lakini ulimi haujawahi kuugua. Mimi nimekonda kidogo, usishtuke ukiona picha. Kibogoyo amenenepa kwa niaba yetu sote. Jino bado, kwa hiyo na jina bado linamfaa.

Asante sana kwa simu. Bila hiyo, kile kimashine cha kadi nilichopewa na benki kingekuwa pambo la kabatini, maana hakifanyi kazi mpaka kiunganishwe na simu nzuri. Mteja anatumbukiza kadi, anabonyeza namba yake ya siri, simu inalia ting, basi amelipa.

Maneno yako kuhusu Mama nayo yamefika. Umeandika kwamba si heshima mama mtu mzima kushinda ndani ya teksi kama konda, na kwamba siku hizi za kadi hakuna haja ya mtu wa kushika chenji, tumwache apumzike nyumbani. Nitakujibu, wifi, lakini acha kwanza nikusimulie.

Unajua tangu nijifungue naendesha ile teksi ya marehemu baba huku Mama amekaa mbele na mtoto, kwa sababu bado ananyonya na hataki chupa hata kuiona. Katikati ya miguu ya Mama liko lile kopo la maziwa la baba, limejaa sarafu na noti ndogo ndogo. Abiria akitoa noti kubwa, Mama anatikisa kopo, Kibogoyo anacheka, chenji inatoka. Ndiyo kazi yake na ndiyo njuga ya mtoto.

Sasa ile kliniki kubwa mkabala na kijiwe chetu ilikuwa inatafuta teksi moja ya kubeba wafanyakazi wake. Kazi ya mchana, njia fupi, abiria wanaojulikana. Wifi, niliitaka kazi hiyo kama mgonjwa anavyotaka usingizi. Nikiikosa, ni kuzunguka mji mzima kutafuta abiria, mtoto analia, mimi nalia. Sharti la kliniki lilikuwa kulipwa kwa kadi tu, na kabla ya kupewa nifanye wiki moja ya majaribio. Msimamizi wetu alikuwa mhasibu wao, bwana mmoja mwembamba anayefunga shati mpaka kifungo cha shingoni. Hacheki.

Dereva mwenzetu tunayemwita Mluzi naye aliitaka. Kabandika karatasi kwenye kioo cha gari lake, KADI TU, halafu akaja kuegemea dirisha letu. "Bibi, hilo kopo lipeleke makumbusho." Mama hakumtazama. "Tangulia wewe, mwanangu, ukanishikie nafasi."

Siku ya kwanza nilimpeleka mhasibu mwenyewe benki. Nikasimama pabaya, nyuma yangu lori linapiga honi. Kimashine kilikuwa mkononi mwa Mama. Bwana akampa kadi, Mama akaitumbukiza vizuri kama nilivyomfundisha, bwana akainama akabonyeza namba yake, simu ikalia. Hapo hapo simu yake nayo ikaita. Akashuka anaongea, faili kwapani, nami nikaondoa gari kumkimbia yule wa lori. Nikasema moyoni, tumeanza vizuri.

Jioni nambadilisha mtoto, navuta nepi kwenye mkoba, kadi hiyo ikaanguka, imejaa poda.

"Mama, hii nini?"

"Kadi ya yule bwana."

"Imefikaje humu?"

"Si amelipa kwa kadi? Nimeitunza. Baba yenu alikuwa anazirundika, mwisho wa mwezi anazipeleka ofisini kwao, wanampa hela yake."

"Na ile ting?"

"Nilidhani umepata ujumbe."

Wewe utakuwa unakumbuka kuliko mimi. Zamani watu wa makampuni walikuwa wakipanda teksi ya baba wanatoa kicheti, dereva anakaa nacho mpaka siku ya malipo. Mama alidhani ni mnyama yule yule, kabadilisha ngozi tu. Alifanya kazi kama mumewe alivyomfundisha.

Kaka yako alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaniona mimi sicheki, akaacha. Kliniki ilikuwa imeshafungwa na namba ya yule bwana sina. Mtu aliyepoteza kadi ya ofisi ndani ya teksi yako, kesho ataisemaje teksi hiyo?

Lakini kilichoniuma zaidi ni Mama. Alilichukua lile kopo akalipandisha juu ya kabati, akasema taratibu, "Labda binti yangu anasema kweli kwenye barua yake. Nimekuwa mzigo garini." Akaenda kulala bila kumsema mtu yeyote. Mama, wifi, kulala bila kumsema mtu.

Asubuhi nilimwambia abaki, nitakwenda mwenyewe. Akakataa. "Mkono uliochukua ndio utakaorudisha." Akavaa gauni la kutokea. Kopo hakuligusa. Ni Kibogoyo aliyeligomea gari, akalia ananyoosha mkono kabatini, mpaka nikalishusha nikampa achezee.

Tukaingia ofisini kwa mhasibu, mafaili mpaka dirishani. Sijafungua mdomo, Mama keshaweka kadi mezani. "Mwanangu, kadi yako hii. Imelala salama, imepakwa poda tu." Akamweleza habari za vicheti vya zamani, zote, bila kujitetea. Bwana yule akaigeuza kadi, akaipuliza poda. Akasema jana ile ile aliwaambia benki waifunge, na ofisi haina nyingine. Mpya itafika Ijumaa.

Nikajua tumekwisha. Mara akaingia muuguzi mmoja, noti kubwa mkononi, amekasirika. Mhasibu alikuwa amempa hela taslimu akapande teksi ya Mluzi, na Mluzi kamrudisha: ama kadi, ama hela kamili, yeye hana chenji. Madereva waliojaribiwa nyuma yake nao hawana. Kijiwe kizima kimeingia kwenye kadi, hakuna mwenye sarafu.

Mhasibu akashika kichwa. Hapo Kibogoyo, mapajani kwangu, akatikisa kopo lake.

Mama akalitazama kopo, akamtazama yule bwana. "Hiyo noti," akasema, "ilete hapa."

Basi wiki nzima tuliwabeba kwa hela ya mkononi. Kila abiria na chenji yake, na kila chenji na neno lake la Mama. Ijumaa kadi mpya ikafika. Mhasibu akapanda, akalipa, kadi yenyewe kaishika kwa mikono miwili, macho kwa Mama. Mama akamwambia, "Usiogope, leo siichukui." Akacheka, wifi. Yule bwana wa kifungo cha shingoni.

Kazi tumepata. Kwenye mkataba yale maneno ya kadi tu ameyakata kwa kalamu yake, akaandika kadi au taslimu. Mluzi naye kabandua karatasi yake, na kila asubuhi anakuja kwa Mama na noti kubwa, "Bibi, nivunjie." Anavunjiwa, lakini anasemwa kwanza.

Kwa hiyo jibu langu ni hili, na nalitoa kwa heshima zote: hapana. Najua unampenda, ni mama yako kabla hajawa wangu. Ila usimwandikie tena habari ya kupumzika. Nimemuuliza mwenyewe, akasema nikwambie atapumzika akichoka, na hajachoka. Aliyechoka ni mimi, na sisemi nipumzishwe.

Msalimie sana shemeji, wasalimie wapwa wa kaka yako, na jirani yako fundi cherehani aliyenishonea lile gauni la uzazi, mwambie sasa limekuwa pazia. Mama anakubusu. Kaka yako angekuandikia, lakini vidole vyake vina unga mwaka mzima. Mungu akufunike huko uliko, akupe riziki yenye usingizi ndani yake.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye hata nikisinzia,
Mama Kibogoyo.

Karatasi imebaki nafasi, basi niombe, ukipata mtu anayekuja huku. Waya wa kuchajia simu ndani ya gari, ule mrefu, maana huu wa sasa mtoto ameutafuna kwa ufizi. Kishikio cha simu cha kubandika kwenye dashibodi. Na miwani ya kusomea ya Mama. Ile ya zamani haimfai tena, chukua yenye nguvu zaidi, fremu isiyoteleza puani. Anataka aone kwa macho yake simu inapoandika kwamba malipo yamepita. Anasema ting peke yake haitoshi.