Kwa Wajina Wangu Mheshimiwa, Kuhusu Mashine ya Maji

Mpendwa wajina wangu,

Nimesikia redioni kwamba presha imekupanda, umelazwa Kampala katika wadi ya wakubwa, na daktari amekataza wageni. Pole. Ajabu ya presha hiyo ni kwamba ilikuvumilia miaka yote ya ubunge, ikaja kukukamata asubuhi ile ile polisi walipobisha mlangoni kwako. Huku Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi, hatujawahi kuona ugonjwa wenye adabu namna hiyo. Ya kwetu huingia bila hodi.

Barua hii sijaifunga. Anayetaka aisome, na wewe wakusomee ukiwa umelala. Mwandiko ni wangu mwenyewe. Nilitoka shule kidato cha pili, lakini hapa mtaani hakuna kijana anayeandika kama mimi, na hao waliomaliza wanalijua hilo, ndiyo maana hawapendi niseme.

Mama amenisimulia mara nyingi jinsi tulivyokutana, mimi na wewe. Ilikuwa mwaka 1996, anatoka Kivu ya Kusini na mimi tumboni, na wewe koplo wa kambi ya jeshi ya Mbarara uliyetumwa kusindikiza lori la wakimbizi. Mvua ilinyesha, lori likakwama kwenye matope, na mimi nikaona hapo hapo ndipo pa kuteremkia. Ulivua koti lako la mvua, ukalishika kwa mikono miwili likawa ukuta, ukageuza uso upande wa pili mpaka nikalia. Ulilowa chapachapa. Mama akakuuliza jina. Ukasema Kalisti. Akasema basi na huyu ni Kalisti.

Hukujua umeingia katika nini. Kwetu, ukimpa mtoto jina lako umempa nafsi yako. Wajina ni mtu mmoja katika ngozi mbili. Hawatukanani, hawashitakiani, kwa sababu nani atajitukana mwenyewe? Na mke wa mmoja ni mke wa wote wawili, kwa utani. Mama alimfundisha utani huo mke wako, Mama Kemigisha, siku alipompelekea vitenge pale kambini, naye Mnyankole wa watu akacheka mpaka akakaa chini. Lakini aliushika. Toka hapo kila nikifika Mbarara ananipokea mlangoni, "Karibu nyumbani, mume wangu," na firigisi ya kuku inakuja kwangu huku wewe unaitazama tu. Wenzangu wakiwa na umri wa kuchunga mbuzi, mimi nilikuwa na mke Mbarara, mwenye makochi.

Nilikupenda, wajina. Acha nilimalize neno hilo mapema nisije nikalikosea baadaye. Ulinifundisha kupiga saluti. Ulinifundisha Kiswahili cha kambini, kile cha kuamuru bila kupoteza muda, na nilipokirudisha mtaani watoto wa Kikongo walidhani nimeajiriwa.

Kisha ukavua magwanda, ukawa diwani. Hapo ndipo nilipoanza kuona akili yako. Mkimbizi hapigi kura Uganda. Hilo analijua hata mtoto. Lakini ulipogombea ubunge, ngoma zote zilitoka kwetu. Wamama wa kanisa walitandika vitenge vyao barabarani pale kwetu Base Camp ili ukanyage, kama tunavyompokea askofu, na mama yangu akatandika kile cha harusi. Mimi nilikuwa mbele na tarumbeta, nimepasuka mashavu. Wenyeji waliokuja kutazama wakasema mtu anayependwa hivi na wageni lazima ni mtu mwema, wakakupigia kura. Sisi tukashangilia usiku kucha ushindi ambao haukutuhusu. Watu gani wengine duniani wangefanya kosa hilo? Sisi tu, na tulilifanya kwa furaha.

Lakini hukutusahau, na hapo ndipo pabaya. Ulileta mashine ya kuvuta maji kutoka ziwani hadi mtaani kwetu. Kiti chake, kile chuma ambacho mashine hukalia, kilifika kimepasuka. Chuma cha kukiungia hakikuwepo, na fundi wa mjini alikuwa anataka kuondoka. Papa Byamungu, mwenyekiti wetu wa maji, akaenda nyumbani akarudi na baiskeli yake, ile ya bluu aliyokuwa akibebea mihogo sokoni, akasema, "Mukate hii." Wakaikata. Paipu za baiskeli zikachomelewa chini ya mashine, na tangu siku hiyo mzee anabeba mihogo kichwani. Wewe ulikata utepe, ukapigwa picha ukinywa maji, ukaondoka.

Maji tuliyanywa kwa muda mfupi. Kisha likaja gari na watu wenye fulana safi, wakasema mashine inakwenda kufanyiwa matengenezo. Papa Byamungu akawasaidia kuibeba. Haikurudi. Wamama wakarudi ziwani na madumu, kuhara kukarudi, na kila Papa Byamungu alipouliza aliambiwa vipuri viko njiani.

Pasaka ya mwaka huu mama akanituma nikusalimie. Mbarara hukuwepo, Mama Kemigisha akasema uko shambani, nikupeleke chakula. Ni mara yangu ya kwanza kuliona shamba lile. Ng'ombe wa pembe ndefu, wamenona, manyoya yanang'aa kama wamepakwa mafuta, wanakunywa maji kwenye birika la saruji. Na kando ya birika ile mashine inanguruma, imekaa juu ya paipu za bluu.

Nilikuuliza uso kwa uso. Hukushtuka. Hilo ndilo lililoniuma, hukushtuka hata kidogo. Ukanijaza kikombe, ukasema, "Wewe kijana, hii iko hapa natengenezwa. Kunywa maziwa."

Nikasema ng'ombe wako wana bahati kuwa karakana. Ukacheka, ukanipiga bega. Ulidhani natania, na kweli nilitania, sina namna nyingine ya kusema. Lakini jioni ile ile nilimweleza mama, na mama akamweleza Papa Byamungu.

Mwezi haukupita, wakaguzi wakaja kutoka mjini kuuliza mashine iko wapi, na mzee akawaelekeza shambani kwako. Wewe ukawahi redioni. Ukasema wakimbizi wameiuza Tanzania. Ukasema umesikitika, baada ya yote uliyotufanyia. Papa Byamungu akafungwa pingu mbele ya wajukuu zake, na mpaka leo yuko rumande Mbarara, yeye aliyeikatia baiskeli yake. Wakaguzi walipofika shambani kwako walikuta birika tu, na alama za matairi. Sasa hakimu amekutaka nawe ujibu, na anatafuta mtu aliyeiona kwa macho.

Ndipo ulipomtuma dereva wako. Alifika na sukari na ujumbe, na ujumbe aliusema kwa Kiswahili chetu cha Kongo, umemfundisha vizuri: wajina hashitaki wajina. Akaongeza kwamba kuna nafasi yangu katika shule ya ufundi Mbarara, bweni na kila kitu, nikikaa kimya. Unanijua, unajua kiburi changu kinavyouma nikiitwa mtu wa kidato cha pili. Ulilenga pale pale.

Mtaani nao wananiita Mheshimiwa. Nikipita na dumu, wanauliza nimemuuzia nani maji leo. Nawajibu, ulimi ninao. Ila mke wa Papa Byamungu haniulizi chochote. Ananiamkia tu, halafu ananitazama.

Nilimwogopa mama zaidi ya hakimu. Jina ni yeye aliyenipa, na lile koti la mvua hajalisahau. Nilimwuliza nifanyeje, akaendelea kutwanga sombe, yale majani ya muhogo. Kisha akaweka mchi chini.

"Siku ile ulinilindia mutoto, nilikulipa jina," akasema, kana kwamba wewe ndiye uliyekaa pale jikoni. "Deni iliisha." Akanigeukia mimi. "Jina sasa ni yako, Kalisti. Ye atatafuta ingine."

Kesho asubuhi nakwenda mahakamani. Nitasema shamba, birika, paipu za bluu na yale maziwa. Nitasema na koti la mvua pia, maana ni kweli, na sitaki mtu aseme nilificha upande wako mzuri. Kisha nitakaa chini.

Msalimie mke wetu. Mwambie firigisi sasa ale yeye mwenyewe.

Nawe upone, wajina. Nakuombea kwa moyo wote, wala sitanii hapa. Pona, ukae, uje unitazame nikisema. Usithubutu kufa, kwa sababu kwetu na kwenu marehemu hasemwi vibaya, na Papa Byamungu angebaki ndani.

Ni mimi, wajina wako mdogo,
Kalisti wa Nakivale